Mgonjwa Aliyesema "Nimeanguka": Mwongozo Kamili kwa Muuguzi

Jumatatu asubuhi chumba cha kufungia vidonda hujaa watu walioanguka. Huyu kateleza bafuni, yule kajigonga kwenye kabati, mwingine kapigwa na mlango uliosukumwa na upepo. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa naandika hivyo hivyo walivyosema, nashona, natoa pole, naita anayefuata. Baadaye nikajifunza kuuliza, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi: nilimuuliza dada mmoja kama anapigwa nyumbani, mbele ya mumewe. Akacheka. "Sista naye! Huyu hata kuku anaogopa kuchinja." Mume akacheka pia. Bandeji ilitakiwa ibadilishwe baada ya siku mbili, na hatukumwona tena.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mlango kabla ya swali. Nimeuandika kwa ajili ya wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za Tanzania. Mwenzetu wa Kenya atakuta majina ya fomu ni mengine, kwani kwao kuna P3 ya polisi na fomu ya PRC ya aliyebakwa, ila mengi ya hapa atayatambua.

Ukubwa wa jambo kwanza. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliochapishwa mwaka 2005, wanawake 41 kati ya 100 Dar es Salaam na 56 kati ya 100 mkoani Mbeya, kati ya wale waliowahi kuwa na mwenza, walisema mwenza amewahi kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu walipotimiza miaka 15. Hesabu mwenyewe wamekaa wangapi kwenye benchi la kliniki ya wajawazito asubuhi moja.

Wanaume nao hupigwa, wazee hupigwa na watoto wao, na binti wa kazi hupigwa na mwajiri. Hatua ni zilezile. Nitasema "mama" kwa sababu ndiye ninayemwona mara nyingi zaidi.

Hatua ya 1: Andaa mahali kabla hajaja

Usiulize kama huna pa kuulizia. Pazia si ukuta. Anayesubiri upande wa pili anasikia kila neno. Tafuta chumba chenye mlango unaofungika, hata kama ni stoo ya dawa, hata kama ni chumba cha kupimia uzito. Mwelekeze na mlinzi wa geti kwamba ukisema "huyu anaingia peke yake" hapaswi kubishana nawe wala kumpitisha ndugu.

Pili, uwe na karatasi moja ukutani, upande wa ndani wa kabati lako, yenye majina na namba: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, Kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachotoa huduma zote za aliyefanyiwa ukatili mahali pamoja) kama hospitali ya mkoa au wilaya inacho, msaidizi wa kisheria wa kata, na nyumba salama kama ipo. Zipige namba hizo mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Maofisa huhama. Hakuna aibu kama kumpa mama namba ya mtu aliyekwishahamia wilaya nyingine.

Hatua ya 2: Jua unachokitazama

Jeraha la kuanguka hukaa sehemu zinazotangulia chini: viganja, magoti, viwiko. Jeraha la kupigwa hukaa usoni, shingoni, kwenye matiti, tumboni, mgongoni, na nje ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, pale mtu anapoinua mkono kujikinga. Michubuko ya umri tofauti kwenye mwili mmoja inasema jambo. Usijaribu kukisia tarehe kwa rangi ya mchubuko, hata wataalamu hukosea. Andika tu rangi uliyoiona.

Sikio ni kiungo tunachokisahau. Mama analalamika sikio moja linavuma na halisikii vizuri, hana homa, hana mafua. Kofi kali la sikioni hupasua ngoma ya sikio. Tazama ndani kabla ya kutoa dawa ya matone.

Lakini wengi hawana jeraha. Wana kichwa kisichopona, kukosa usingizi, maumivu ya nyonga yaliyokwishatibiwa mara tano, presha inayopanda siku za mwisho wa wiki. Mjamzito anayeanza kliniki mimba ikiwa kubwa na hataki kueleza kwa nini alichelewa. Mwenye VVU aliyeacha dawa ghafla, kumbe kopo lilitupwa chooni na mumewe. Anayetaka sindano ya uzazi wa mpango na anakuomba usiiandike popote. Aliyeletwa baada ya kunywa sumu ya panya. Kwa huyu wa mwisho usiridhike na kusafisha tumbo; uliza alikuwa anakimbia nini.

Na mtazame aliyemsindikiza. Mume anayejibu maswali yote, mpaka swali la hedhi ya mwisho, ni dalili. Wifi au mama mkwe asiyetaka kubanduka mlangoni ni dalili pia. Hata hivyo wapo waume wanaosindikiza kwa upendo tu na wapigaji wasiokanyaga hospitali kabisa, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake.

Hatua ya 3: Mtenge bila kuzua shaka

Usimwambie mume "nataka kuongea na mkeo faraghani." Umeshamchoma mama. Tumia kazi yako: "Baba, subiri hapo kwenye benchi, tunampima mama, tukimaliza tunakuita." Mkojo husaidia sana, kila mtu anaelewa kwamba mtu huenda chooni peke yake. Kipimo cha njia ya uzazi, kubadilisha nguo, kupima urefu wa tumbo, vyote ni milango. Mume akisisitiza kuingia, usigombane naye. Acha, mpe mama tarehe ya kurudi, umtenge siku hiyo.

Mtoto anayeweza kuongea naye asiwepo. Mtoto wa miaka mitatu atafika nyumbani na kusema, "Mama alilia kwa nesi."

Kama lugha haipandi, usimtumie ndugu kuwa mkalimani. Mtafute mtumishi mwenzako, na awe mtu ambaye si wa ukoo ule. Vijijini hili ni gumu kweli. Kuna zahanati ambako muuguzi mwenyewe ni shemeji wa mgonjwa. Ikiwa ndivyo, mwambie waziwazi kuwa unaijua familia, kwamba siri yake haitatoka, na kwamba akipenda utamwita mwenzako badala yako.

Hatua ya 4: Uliza

Miongozo ya WHO ya mwaka 2013 haituambii tumuulize kila mwanamke anayeingia getini. Inasema tumuulize mwenye dalili zinazoweza kutokana na kupigwa, na inaiona kliniki ya wajawazito kuwa mahali panapofaa kuuliza kwa upana zaidi, mradi faragha ipo, muuguzi amefundishwa na pa kumpeleka papo.

Maneno ndiyo kazi. Ukimuuliza "Je, umefanyiwa ukatili wa kijinsia?" atasema hapana, na atakuwa mkweli kwa namna yake, kwa sababu hayo ni maneno ya bango la semina. Nyumbani watu husema "tuligombana," "ana hasira za karibu," "akinywa anabadilika," "haachi hela ya kula." Neno "tuligombana" lisikupite. Muulize: "Mkigombana, huwa inakuwaje?" Halafu nyamaza.

Mifano mingine iliyowahi kunifungulia mlango:

"Mama, majeraha ya namna hii nimeyaona kwa wengine, na mara nyingi kuna mtu aliyeyasababisha. Wewe ilikuwaje?"

"Kuna mtu nyumbani unamwogopa?"

"Kuna wakati unalazimishwa tendo la ndoa wakati hutaki, au unaumwa?"

Usiulize "kwani ulimfanya nini?" wala "kwa nini usiondoke?" Maswali hayo ameshaulizwa na ukoo mzima.

Akikataa, kubali. "Sawa mama. Siku ukitaka kuongea, mimi nipo, na siku nisipokuwepo mwulizie fulani." Basi. Wapo wanaosema hapana mara tatu na kusema ndiyo mara ya nne. Kila mara umemwonyesha kwamba hapa pana mtu anayeuliza.

Hatua ya 5: Akisema ndiyo

Weka kalamu chini kwanza. Msikilize bila kumkatisha. Mwambie mambo matatu, kwa sauti ya kawaida: kwamba unamwamini, kwamba si kosa lake, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga. Hili la tatu si maneno ya kumfariji tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Nimewaona kina mama waliokaa ndoani miaka 20 wakilisikia hilo mara ya kwanza kwenye chumba cha sindano.

Kisha muulize: "Leo unataka nini?" Pengine anataka dawa ya maumivu tu. Pengine ana wasiwasi na mtoto aliyemwacha nyumbani na yule mtu. Pengine hana nauli. Anza na hilo analolitaja, hata kama wewe unaona jambo kubwa zaidi.

Na sasa kosa linalofanywa na wauguzi wengi wenye moyo mzuri: kusuluhisha. "Mwite mwenzako tuongee naye." Usithubutu. Mwanamume atakaa mbele yako mpole kama maji mtungini, ataomba radhi, atakushukuru, halafu wakifika nyumbani mama atalipia kila neno ulilosema. Usuluhishi wa ndoa una mabaraza yake. Wodi si mojawapo. Usimpigie mume simu, usimtume mchungaji wala shehe, usimwambie mama yake mzazi, isipokuwa mwenyewe ameomba na mmeongea juu ya usalama wake.

Hatua ya 6: Tibu, na uanze na shingo

Majeraha unayajua kuyatibu, sitakufundisha kushona. Nitakaa kwenye kukabwa, kwa sababu ndipo tunapopoteza watu.

Muulize kila aliyepigwa: "Alikukaba? Alikubana shingo?" Wengi hawasemi mpaka waulizwe, kwa kuwa hakuna alama. Ngozi ya shingo inaweza kuwa safi kabisa huku ndani mshipa mkubwa wa damu umechanika au koo linavimba polepole. Tafuta sauti iliyokwaruza, shida ya kumeza, vidoa vyekundu kama vichwa vya sindano kwenye weupe wa macho au nyuma ya masikio, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache, kujikojolea wakati anakabwa, kizunguzungu, udhaifu wa upande mmoja. Ukiona lolote kati ya hayo, hatoki leo. Mwite daktari au afisa tabibu, na kama uko zahanati andaa rufaa. Mjamzito aliyepigwa au kusukumwa, hata kama anasema yuko sawa, asikilizwe mapigo ya moyo ya mtoto na aangaliwe kama anatokwa damu.

Kama kulikuwa na kuingiliwa kwa nguvu, saa ndiyo adui. Dawa za kinga dhidi ya VVU, PEP, huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Hunywewa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, levonorgestrel miligramu 1.5 kwa mkupuo, kinaweza kutolewa hadi saa 120, na ni bora mapema zaidi. Ongeza matibabu ya magonjwa ya zinaa kwa mwongozo uliopo kituoni, chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda pale inapohitajika. Kile kinachoitwa kupima ubikira kwa vidole kisifanyike, hakithibitishi chochote.

Jambo moja linalowachanganya wenzetu: Tanzania Bara, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haimhesabu mume kuwa amembaka mkewe ila pale wanapokuwa wametengana. Binafsi naona sheria hiyo ina pengo kubwa. Lakini hiyo ni kazi ya mahakama. Virusi haviulizi cheti cha ndoa, na mke aliyelazimishwa na mumewe anapata PEP sawasawa na mwingine yeyote.

Hatua ya 7: Pima hatari ya leo

Jacquelyn Campbell, muuguzi wa Marekani, ndiye aliyetunga katika miaka ya 1980 kipimo cha kukadiria kama mwanamke yuko katika hatari ya kuuawa na mwenza wake. Ni kazi ya muuguzi, na mimi huwakumbusha wanafunzi wangu hilo. Kitabu cha WHO cha mwaka 2014 kina maswali mafupi yanayotosha kwa zamu yenye watu wengi:

- Katika miezi sita iliyopita, kupigwa kumeongezeka au kumekuwa kukali zaidi?
- Amewahi kutumia silaha, au kukutishia nayo?
- Amewahi kukukaba?
- Unaamini anaweza kukuua?
- Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito?
- Ana wivu mkali wa kila wakati?

Ndiyo tatu au zaidi ni hatari kubwa, asirudi nyumbani bila mpango. Na hata kama ni ndiyo moja tu, ikiwa ni ile ya "anaweza kuniua," mwamini. Anamjua kuliko sisi.

Hatua ya 8: Andika, na ujue karatasi inakwenda wapi

Zahanati nyingi mgonjwa huja na daftari lake na kuondoka nalo. Kadi ya kliniki ya mjamzito nayo hukaa nyumbani, na mume huisoma. Usiandike humo chochote kuhusu kupigwa. Andika jeraha na tiba tu. Maelezo kamili yabaki kwenye faili au rejista inayofungiwa kabatini. Kama kituo kinatumia kompyuta, funga skrini unapoinuka.

Ndani ya faili, andika maneno yake kama alivyoyasema, kwenye alama za kunukuu: "Mume wangu alinipiga na mwiko kichwani jana usiku." Epuka "mgonjwa anadai," maana neno hilo mahakamani linasomeka kama humwamini. Chora umbo la mwili, weka alama kila palipo na jeraha, andika urefu na upana kwa sentimita, rangi, na umbo kama linafanana na kitu, mkanda au pete. Andika saa ya kumwona. Nguo zenye damu au manii ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, kila moja yake. Mfuko wa nailoni huozesha ushahidi. Andika jina, tarehe, saa, saini, na aliyezipokea naye asaini.

Na ripoti ya zamu! Tunakabidhiana wodini kwa sauti, kitanda kwa kitanda. "Huyu wa namba nne kapigwa na mumewe." Wodi nzima imesikia, na saa ya kuona wagonjwa mume ataambiwa. Habari hiyo ikabidhiwe ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Hatua ya 9: PF3, polisi na rufaa

PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi na hujazwa na daktari au afisa tabibu, mara nyingi kwa kutegemea kile ulichoandika wewe. Mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza, fomu itafuata. Kumrudisha mtu anayevuja damu akaitafute PF3 ni kosa, na bado nasikia linafanyika.

Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, kwenda polisi ni uamuzi wake. Mweleze faida na hatari, mwelekeze kwenye Dawati la Jinsia ambako ataongea chumbani badala ya kaunta, na kama hataki usimlazimishe wala usimwadhibu kwa uso wako. Kituo cha Mkono kwa Mkono ni bora pale kilipo, kwa kuwa tiba, polisi, ustawi wa jamii na ushauri wa kisheria hukaa chini ya paa moja, hana haja ya kusimulia mara nne. Usimpe tu karatasi ya rufaa; piga simu wewe, umtajie jina la atakayempokea.

Mtoto ni habari nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Hapo hakuna kuomba ruhusa ya mzazi. Simu ya 116 ya huduma kwa mtoto ni bure. Mweleze mama jambo hili kabla hajaanza kusimulia habari za watoto, asije akahisi umemtega.

Hatua ya 10: Kabla hajatoka mlangoni

Wengi watarudi nyumbani. Wana watoto, wana shamba, wana mama mkwe mgonjwa, na wengine bado wanampenda. Pia kuondoka kwenyewe ni wakati wa hatari kubwa, hivyo usimsukume. Panga naye kurudi salama.

Ugomvi ukianza, atoke jikoni. Pale pana kisu, maji ya moto na mchi. Akae chumba chenye mlango wa nje. Achague jirani mmoja na wakubaliane ishara, labda mtoto kutumwa kuazima chumvi, ambayo maana yake ni "njoo" au "piga 112." Kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya bima, akiba ya dawa anazotumia kila siku na nauli vikae kwa mtu anayemwamini. Amjue bodaboda mmoja atakayemchukua usiku kwa mkopo.

Usimpe kipeperushi kama hana pa kukificha. Namba mbili akizikariri zinatosha. Muulize: "Simu yako nani mwingine anaishika?" Kama ni mume, kituo kisimtumie ujumbe wowote wa kumkumbusha tarehe.

Kisha mpe sababu ya kurudi ambayo hakuna atakayeihoji: "Njoo Alhamisi tubadilishe bandeji." Kama hakuna bandeji, presha inapimwa, damu inarudiwa. Ukiwa hutakuwepo Alhamisi, mweleze mwenzako ofisini mambo mawili tu: jina, na kwamba huyu anaonwa peke yake. Asipokuja, usimfuate nyumbani na usimpigie simu ila kwa namba na saa mliyokubaliana. Akija baada ya miezi mitano na jicho jingine limevimba, usimwambie "nilikuambia." Mwambie umefurahi kumwona, funga mlango, rudi hatua ya sita.